Huna pointi nne za kidato cha sita? Njia nyingine za kuingia chuo kikuu, na pale zinapokwamia

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maswali huwa yaleyale. Nina B moja na S mbili, naruhusiwa kuomba? Nina diploma ya GPA 2.9, kuna chuo kitanichukua? Niliishia kidato cha nne, nimefanya kazi ya maktaba miaka kumi na mitano, nianzie wapi? Majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya kubahatisha, na kubahatisha huku kunamgharimu mtu mwaka mzima. Hapa nazungumzia Tanzania tu, shahada ya kwanza tu, na zaidi zile njia ambazo hazitokei moja kwa moja kidato cha sita.

Niseme mapema ninachokiamini: wengi wanaoachwa kwenye njia hizi hawaachwi kwa kukosa alama. Wameomba kwa njia isiyo yao, au nyaraka zao hazisomani. Jina hili kwenye cheti cha kuzaliwa, lile kwenye cheti cha mtihani, na la tatu kwenye kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo nitakaa muda mrefu kwenye nyaraka, ingawa ndizo watu wanazozipenda kidogo.

Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Ule mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, uliokuwapo kuanzia 2010, haupo tena. Lakini TCU haijaondoka mezani: ndiyo inayoweka sifa za chini na kuhakiki majina yanayopelekwa na vyuo. Chuo kinaweza kupandisha sifa kuliko TCU, hakiwezi kuzishusha. Akija mtu anayekwambia "nina mtu wangu chuoni, sifa tutazirekebisha", jina litapita chuoni na kugonga ukuta TCU, na hela yako imeshakwenda.

Kwanza pigia hesabu pointi nne zenyewe

Kabla ya kutafuta njia nyingine hakikisha kweli huna ya kawaida. Sifa ya chini ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi ya tahasusi, yaliyotajwa na kozi unayoiomba, yenye jumla isiyopungua pointi 4.0. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. S ina nusu pointi, lakini haihesabiwi kuwa ufaulu wa somo la msingi. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Chukua mtu wa HKL mwenye B ya Historia, S ya Kiswahili na S ya Kiingereza. Kwa kujumlisha anaona 5, anafurahi. Hana sifa, kwa sababu somo la msingi alilofaulu ni moja tu. Mwenzake wa HGL mwenye C ya Historia na E ya Jiografia ana 4 kamili na masomo mawili, huyo anaingia, mradi aombe kozi inayoyataja masomo hayo mawili. Na yule wa PCB mwenye E ya Fizikia, D ya Kemia na D ya Biolojia ana 4 kwa kozi zinazosimamia Kemia na Biolojia, lakini akiomba udaktari wa binadamu atarudishwa, maana huko wanataka masomo yote matatu na jumla isiyopungua 6, naye ana 5. General Studies na BAM (hisabati ya ziada ya kidato cha sita) hazijazi pengo la somo la msingi hata ukipata A.

Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, na ndio wanaokosea zaidi. Miaka ile alama zilikuwa A, B+, B, C, D, kwa pointi 5, 4, 3, 2, 1. C ya 2015 ni pointi 2. C ya 2016 ni pointi 3. Mtu wa 2015 mwenye C mbili ana 4 na anaingia. Mwenye C na D ana 3, hana. Waliomaliza kabla ya 2014 wanarudi kwenye A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Usitumie hesabu ya mdogo wako.

TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo kila mwaka, kimoja cha wenye sifa za sekondari na kingine cha wenye stashahada (diploma) na sifa linganishi. Pakua chako. Ndani utakuta kila chuo na kila kozi, masharti yake, pointi za chini za chuo chenyewe, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Safu ya pointi za chini za chuo isome kwa makini, kwa sababu baadhi ya kozi zinataka zaidi ya 4. Safu ya nafasi nayo inasema mengi: ukiwa na sifa za kuponea chupuchupu, kozi ya watu 50 kwenye chuo kikongwe cha serikali na kozi ya watu 300 kwingine si bahati moja.

Diploma: njia pana kuliko zote

Ningekuwa wa kumshauri kijana mwenye principal moja (ufaulu wa somo moja la msingi) na S moja, ningemwambia aende diploma bila kujiona ameshuka. Kwa sifa hiyo anaingia moja kwa moja kwenye stashahada nyingi na kusoma miaka miwili hivi. Wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaanzia astashahada, ngazi ya 4, kisha ya 5, kisha ya 6, kwa kawaida miaka mitatu. Zingatia hilo la dini: D ya Bible Knowledge au ya Elimu ya Dini ya Kiislamu haiingii kwenye zile nne.

Ukishapata stashahada, mlango wa shahada una kufuli mbili, na zote lazima zifunguke.

Ya kwanza ni kidato cha nne. Unatakiwa kuwa na angalau D nne; mwenye cheti cha ufundi stadi, NVA, ngazi ya 3 cha VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) anakubaliwa hata zikipungua nne. Watu hudhani diploma inafuta matokeo ya kidato cha nne. Haifuti. Kidato cha nne kinakufuata mpaka unapovaa joho.

Ya pili ni kiwango cha stashahada yenyewe, nacho kinategemea aina. Stashahada ya mfumo wa NTA (tuzo za kitaifa za ufundi) ngazi ya 6 inataka GPA isiyopungua 3.0. Cheti cha fundi sanifu cha zamani, FTC, kinataka wastani wa C. Stashahada ya ualimu inataka wastani wa B. Zile zisizo na madaraja zinataka ufaulu wa juu kabisa, na zile zenye madaraja zilizo nje ya NTA zinataka daraja la pili la juu. Stashahada za afya zina viwango vyake, na kitabu cha mwongozo kinavitaja kozi kwa kozi.

Hakuna anayekuzungushia 2.9 iwe 3.0. Mfumo hauna huruma wala macho.

Halafu kuna uhusiano wa fani. Stashahada ya uhasibu inakupeleka biashara, uhasibu, fedha. Haikupeleki uuguzi. Kitabu kinaandika kwa kila kozi ni stashahada zipi zinakubalika, na mara nyingi kinaongeza sharti la kidato cha nne juu yake. Mfano unaoumiza watu kila mwaka ni tabibu anayetaka kusomea udaktari. Ana stashahada ya utabibu, GPA ya 3.8, amefanya kazi zahanati ya wilaya miaka sita. Lakini kozi ya udaktari inamtaka awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Yeye ana F ya Hisabati, ambayo haikumzuia kuingia chuo cha utabibu, na hakuna aliyemkumbusha tena mpaka siku mfumo ulipomkataa.

Dawa ya hapo ni moja: kurisiti, yaani kurudia mtihani. Anajisajili Baraza la Mitihani, NECTA, kama mtahiniwa wa kujitegemea, anafanya Hisabati Novemba, matokeo yanatoka Januari, anaomba dirisha la Julai. Usajili hufunguliwa miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo ukigundua Agosti kwamba una F, mwaka huo umekwisha. Ndiyo maana ukiwa bado mwaka wa kwanza wa diploma fungua kitabu cha mwongozo, tafuta shahada unayoitaka, soma masharti yake ya kidato cha nne, na kama kuna somo linakosekana lirisiti ukiwa bado unasoma. Kwenye fomu ya chuo utajaza namba zote za mtihani, ya kwanza na ya kurisiti. Ukijaza moja tu, mfumo utaona matokeo ya moja tu.

Programu ya Msingi ya Chuo Kikuu Huria

Hii ndiyo inayoitwa faundesheni mitaani. Zamani vyuo kadhaa vilikuwa na programu zao za maandalizi. Inayotajwa kwenye sifa za TCU ni ile ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya kufundisha watu waliko, na ndiyo maana kina vituo mikoani.

Anayeingia huko awe na kimojawapo kati ya hivi: cheti cha kidato cha sita chenye angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, yaani hata E na S. Au stashahada inayotambuliwa yenye GPA isiyopungua 2.0, au cheti cha NTA ngazi ya 5 au kinacholingana nacho. Kwa hiyo yule wa B na S mbili ana nafasi, na yule wa diploma ya 2.9 ana nafasi. Mwenye kidato cha nne peke yake hana. Aende astashahada kwanza, na asikubali mtu wa pembeni amwambie vinginevyo.

Kuingia ni rahisi kuliko kutoka na kitu. Ili ufaulu wake utambulike kwa shahada unahitaji GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na pia angalau C katika masomo matatu ya kundi lako, ambalo ni sanaa, sayansi au biashara. Vyote viwili. Mtu anaweza kupata GPA 3.2 akiwa na D kwenye somo moja la kundi, na hiyo D ikamzuia. Halafu chagua kundi kwa kuangalia shahada unayoitaka mwisho. Mwenye kundi la sanaa hawezi baadaye kuomba kozi ya sayansi ya kompyuta kwa sababu amebadili mawazo.

Diploma au faundesheni? Faundesheni ni fupi, lakini ukiishia njiani huna kitu cha kupeleka kwa mwajiri. Diploma ni ndefu, lakini ukiimaliza una taaluma hata shahada ikishindikana. Kwa aliyekosa kidogo tu, anayejua anataka sheria au sosholojia na ana nidhamu ya kujisomea peke yake usiku, faundesheni inafaa. Na hiyo nidhamu isemwe wazi: Chuo Kikuu Huria hakikusukumi darasani. Anayehitaji kengele na mwalimu wa kumfuata atafeli akiwa na akili zake timamu.

RPL: kwa aliyejifunza kazini

Tanzania ina historia na jambo hili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka sharti la kufanya kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na pamoja na matokeo ya mitihani maoni ya mahali pa kazi yakapewa uzito. Sera hiyo ilikuja kulegezwa, lakini wazo kwamba mtu mzima aliyejifunza kazini anaweza kusoma chuo kikuu halikufa. Leo linaitwa utambuzi wa maarifa ya awali, kwa kifupi RPL, na linasimamiwa kwa miongozo ya TCU. Chuo Kikuu Huria ni kati ya vyuo vinavyopokea waombaji wa njia hii.

Mambo mawili yanaangaliwa: jalada la ushahidi wa ulichojifunza, na mtihani. Watu wanaogopa mtihani na kupuuza jalada, wakati jalada ndilo linaloanguka. Kosa la kawaida ni kuweka barua za ajira tatu, vyeti vya semina kumi na wasifu, basi. Barua inayosema "alikuwa afisa wetu toka 2009 mpaka 2020" inathibitisha kwamba ulilipwa mshahara. Haithibitishi unajua nini. Jalada zuri linachukua kazi moja moja: ulifanya nini, kwa njia gani, ulitumia kanuni zipi, kilitokea nini, na ushahidi ni upi. Mkutubi aeleze alivyopanga mkusanyiko wa vitabu na mfumo wa uainishaji alioutumia, aambatishe ripoti aliyoiandika na barua ya msimamizi inayotaja kazi hiyohiyo kwa jina. Hapo msomaji wa jalada ana kitu cha kupima.

Usichanganye RPL hii na ile ya VETA. VETA nao wanarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji, saluni au jikoni hotelini, na wanatoa cheti cha ufundi stadi. Ni kitu kizuri na kinaweza kukufungulia ngazi inayofuata ya mafunzo, lakini hakikuingizi shahada moja kwa moja. Na kufaulu RPL ya TCU hakukupi cheti cha kidato cha sita. Kunakupa ruhusa ya kuomba shahada kwenye fani uliyopimwa, ukashindane na wengine.

Aliyeishia darasa la saba asianzie huku. Kuna mtihani wa maarifa, ule wa QT, ukifaulu unafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, halafu ngazi zinapandwa.

Nyaraka

Hapa ndipo mwaka unapopotea.

Mwenye diploma haombi kwa namba ya cheti. Anaomba kwa AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Unafungua akaunti, unajaza taarifa zako, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa, unasubiri. Inasikika kama kazi ya saa moja, na kwa wengi ni saa moja kweli. Inakuwa wiki sita pale chuo chako kilipochelewa kupeleka matokeo ya mwisho NACTVET, au kilipokuandikisha kwa namba ya kidato cha nne iliyokosewa tarakimu moja, au kwa jina lililofupishwa. NACTVET hawawezi kusahihisha kilichopelekwa na chuo bila chuo chenyewe kuandika. Kwa hiyo foleni yako ya kwanza iko kwa msajili wa chuo ulichosoma, na msajili aliyeko likizo Agosti hawezi kukuandikia barua. Omba AVN mara tu matokeo yako yanapothibitishwa, usisubiri dirisha la udahili lifunguliwe.

Aliyesoma nje ya nchi, au mitihani ya Cambridge hapahapa Dar es Salaam au Arusha, anahitaji ulinganifu kutoka NECTA kwa vyeti vya sekondari, na kutoka NACTVET kwa stashahada. NECTA wanakupa namba inayoanza na EQ, nayo ndiyo unayoijaza mahali pa namba ya mtihani. Vyeti vya Kifaransa vya wenzetu kutoka Kongo na Burundi vitafsiriwe na mfasiri anayetambulika kabla ya kupelekwa, pamoja na orodha ya alama. Cheti peke yake bila alama za masomo hakina cha kulinganisha.

Majina. NECTA wanachapa jina ulilosajiliwa nalo ulipofanya mtihani, na jina hilo ndilo mfumo utakalolivuta ukiandika namba yako. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Juma Bakari na NECTA wanasema Mwanahamis J. Bakari, anza kushughulika sasa. Tofauti ndogo ya herufi huwa inatibika kwa kiapo cha mahakamani. Ukiwa umebadilisha jina kabisa unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. La busara ni kuchagua jina la cheti cha kidato cha nne liwe mfalme na kuvuta nyaraka nyingine zote zilifuate, kwa sababu hilo ndilo gumu kuliko yote kubadilika.

Kuna pia wale waliowahi kuwa chuoni wakaacha au wakaachishwa. Namba yako ya kidato cha nne imebaki kwenye kumbukumbu za udahili ikiwa na chuo cha zamani. Ukiomba upya kimyakimya, jina linagonga. Anza na barua kutoka chuo kile inayoeleza hali yako ya mwisho, na kama ulikuwa na mkopo, jua kwamba Bodi ya Mikopo inakukumbuka pia.

Steshenari, simu na kodi (namba ya siri) ya kuthibitisha

Ada ya maombi kwa kawaida ni shilingi 10,000 kwa chuo. Mfumo wa chuo unafunguka kwenye simu yoyote ya kupangusa. Lakini wengi wanakwenda steshenari, mhudumu anawajazia kwa elfu tano au kumi, na kwenye sehemu ya barua pepe na namba ya simu anaweka zake ili kazi iende haraka. Nywila anaiandika kwenye daftari lake.

Mwezi mmoja baadaye majina yanatoka. Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa kodi maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Kodi inakwenda kwa mhudumu wa steshenari, ambaye amepokea kodi arobaini siku hiyo na hajui zipi ni za nani. Muda wa kuthibitisha ni siku chache. Nafasi inapotea kwa mtu mwenye sifa zote. Kama huna barua pepe, mhudumu huyohuyo akufungulie yako mbele ya macho yako, na namba iwe ya laini iliyo mkononi mwako, si ya mjomba aliyeko Mbeya. Kodi isipofika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka na uombe itumwe tena. Ikigoma, piga simu ofisi ya udahili ya chuo hicho mapema, siku ya mwisho hawapokei.

Ukithibitisha chuo kisha ukabadili mawazo dirisha likiwa bado wazi, ondoa uthibitisho kule kwanza ndipo uthibitishe huku. Kuthibitisha kwingine bila kuondoa hakufanyi kazi. Dirisha likishafungwa kinachobaki ni uhamisho, na uhamisho unakutaka uwe na sifa za kozi unayohamia, sio ile unayotoka, na kuwe na nafasi. Aliyeingia kozi isiyo na mvuto kwa mpango wa kuhamia udaktari baada ya wiki mbili asijidanganye.

Awamu ya pili na ya tatu zipo kwa ajili ya nafasi zilizobaki. Ukikosa ya kwanza, usiombe tena kozi ileile chuo kilekile kwa matumaini. Angalia orodha ya kozi zenye nafasi ambayo vyuo hutoa kila awamu.

Mkopo, kwa wanaoingia kwa njia hizi

Mwenye diploma anaruhusiwa kuomba mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, kama mwenzake wa kidato cha sita, lakini masharti mawili yanawachuja watu wa njia za pembeni kuliko wengine. Umri usizidi miaka 35 wakati wa kuomba, na uwe umehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Mwenye ajira rasmi haruhusiwi. Ukiziweka pamoja, mtu wa kawaida wa RPL, mwenye miaka 42 na kazi yake, apange ada kutoka mfukoni tangu mwanzo. Kwake Chuo Kikuu Huria au masomo ya jioni yanayomwacha na mshahara ni hesabu nzuri kuliko kuacha kazi.

Anayeruhusiwa aombe sambamba na udahili, maana dirisha la mkopo halisubiri majina yatoke. Ajaze kwa namba ileile ya kidato cha nne aliyoombea chuo. Aliyetumia namba ya kurisiti huku na ya kwanza kule, Bodi itamwona kama watu wawili. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kupakiwa. Waliozaliwa Zanzibar wanahakiki kwa wakala wa huko, ZCSRA. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ana fomu inayosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, na ofisi hizo zinajaa Agosti, kwa hiyo aende Juni. Fomu ya mkopo yenyewe inapigwa muhuri na serikali ya mtaa na mahakama, kisha inarudishwa kwenye mfumo kurasa zikiwa zimesainiwa. Ukurasa mmoja uliosahaulika saini unairudisha kwako fomu nzima, na kipindi cha marekebisho nacho kina mwisho wake.